Mkono wa roboti kwa klabu ya shule: fedha ipeleke begani na kwenye umeme

SWALI

Habari za kazi, mhandisi. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari ya kata huku Kongwa. Klabu yetu ya sayansi ina wanafunzi 20 na ushee. Kwa michango ya wazazi na waliowahi kusoma hapa tumepata shilingi milioni moja na laki mbili za kununulia mkono wa roboti. Nimeona tangazo la mkono wa alumini wenye viungo sita, wanasema unabeba kilo 1, na kijana wa duka la elektroniki anasema nichukue huo huo. Mwalimu mwenzangu anasema tuzidi kuchanga mpaka tupate Dobot, ule mkono wa kufundishia unaouzwa ukiwa tayari. Umeme wetu unakatika mara kwa mara. Halafu wanafunzi wameshaamua wenyewe kwamba kwenye maonyesho ya Nane Nane tutakwenda Nzuguni, Dodoma, na mkono unaochambua zabibu. Nishike lipi?

JIBU

Salama, Mwalimu, na hongera kwa kuchangisha. Nianze na jibu lenyewe: huo wa alumini uache, na Dobot usiisubiri. Tengenezeni mikono mitatu midogo yenye servo nne kila mmoja (servo ni mota ndogo inayogeuka hadi pembe uliyoiagiza), kisha fedha inayobaki iende kwenye umeme na vipuri. Sababu nitazieleza kwa kirefu, maana yule kijana wa duka atakubishia na ni vizuri uwe na la kumjibu.

Tuanze na hiyo kilo 1. Mikono ya alumini ya bei hiyo mara nyingi hufungwa servo aina ya MG996R, zile nyeusi zenye gia za chuma na uzito wa gramu 55. Nguvu yake ya kuzungusha, kwa maandishi ya watengenezaji, ni kilo-sentimita 9.4 ikipewa volti 4.8, na 11 ikipewa volti 6. Wewe ni mtu wa momenti, huhitaji maelezo mengi: mzigo ukining'inia sentimita 1 kutoka katikati ya mhimili, servo inaumudu hadi kilo 11, sentimita 10, kilo 1.1, sentimita 30, hata gramu 400 hazifiki. Na hiyo ni nguvu ya mwisho kabisa, servo ikiwa imekwama, inanguruma na kupata moto. Nguvu ya kufanyia kazi bila kuiua ni nusu ya hapo, na mimi huwa nahesabu theluthi.

Sasa chukua karatasi uuchore mkono huo ukiwa umenyooshwa mbele, sambamba na meza. Bega lina servo yake. Sentimita 10 mbele kuna servo ya kiwiko. Pamoja na bati lake la kuishikia, weka gramu 75. Sentimita 20 kuna ya kifundo, nyingine 75. Sentimita 24 kuna ya kuzungusha kiganja, 75 tena. Sentimita 28 kuna koleo na servo yake, weka 110. Zidisha na kujumlisha: 0.75, 1.5, 1.8, na 3 na kidogo. Jumla imepita kilo-sentimita 7, na koleo bado halijashika kitu! Bega limebakiwa na kama 4 kati ya 11, na kwa umbali wa sentimita 30 hiyo ni gramu 130, servo ikiwa imekwama na inaungua. Ukiulazimisha utabeba yai moja, kwa wasiwasi. Kilo 1 kwenye umbali huo ingetaka bega la kilo-sentimita 37. Huyo muuzaji hajafanya hesabu hii, au ameifanya akanyamaza.

Na hivyo viungo sita navyo, angalia vimehesabiwaje. Wauzaji wengi huhesabu na koleo, wakati kufumba na kufumbua koleo si kiungo. Hakubadilishi mahali wala mwelekeo wa kitu. Kwa hiyo sita yao mara nyingi ni tano. Na hata vingekuwa sita vya kweli, vya nini? Sita vinahitajika pale unapotaka kukifikisha kitu popote na kwa mwelekeo wowote, kama kuchomea bodi ya gari kutoka upande huu na ule. Kuokota kitu mezani na kukiweka pengine mezani kunataka vitatu tu: kiuno, bega na kiwiko. Kila kiungo unachoongeza kule mbele ni uzito unaoliongezea bega. Beba ndoo ya maji karibu na kifua, kisha jaribu kuibeba kwa mkono ulionyooka, utajua kwa nini bega ndilo hufa kwanza.

Ndiyo maana nakupeleka kwenye muundo wa meArm. Mwingereza Ben Gray aliutoa 2014, michoro akaiacha wazi mtu yeyote aipakue na kuikata. Ni vipande vya akriliki (plastiki ngumu kama kioo) au MDF (ubao wa unga wa mbao) ya milimita 3, skrubu za M3, na servo nne aina ya SG90, zile ndogo za buluu zenye gramu 9. Cha kutazama ni mahali servo zilipokaa. Moja iko chini kabisa, inazungusha kiuno. Ya bega iko ubavuni mwa kiuno. Ya kiwiko haiko kwenye kiwiko: iko ubavu wa pili wa kiuno hicho hicho, inakivuta kiwiko kwa fito. Fito nyingine zimefungwa kwa umbo la msambamba, kwa hiyo mkono ukipanda au ukishuka koleo linabaki limelala sawa na meza, bila servo ya kifundo. Inayosafiri na mkono ni servo ya koleo peke yake.

Akili hiyo haikuanza na meArm. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Colne Robotics ya Uingereza iliuza mkono wa kufundishia ulioitwa Armdroid, mota zote zimejazwa chini na kamba ndizo zinazovuta viungo. UFACTORY ya Shenzhen ilipotengeneza uArm, ilifuata umbo la ABB IRB 460, mkono wa viwandani wa kupanga mizigo, ambao nao huendesha kiwiko kwa fito. Anayetaka mkono mwepesi kwa hela kidogo huishia hapo hapo: uzito chini, fito juu.

Utabeba nini? Nguvu ya SG90 ni kilo-sentimita 1.8 hivi kwa volti 4.8. Toa uzito wa koleo na fito, gawa kwa usalama, unabaki na gramu 20 au 30. Kiberiti, kifuniko cha chupa ya soda, punje za zabibu. Kidogo, ndiyo, lakini ni kidogo cha kweli.

Nije kwenye umeme, na hapa nitakaa, kwa sababu klabu nyingi huzikwa hapa zikidhani tatizo ni programu. Hali yenyewe huwa hivi. Mwanafunzi ameunganisha servo nne kwenye Arduino, ile bodi ndogo inayobeba programu na kuziamuru servo, na Arduino imechomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Servo moja inatembea vizuri. Akiziagiza zote nne pamoja, mkono unaruka ghafla, taa ya bodi inazima na kuwaka, mkono unarudi ulipoanzia, unaruka tena. Anafuta programu, anaandika upya, hali ni ile ile. Tundu la USB la kawaida limepangiwa miliampea 500. SG90 moja ikikwama huvuta zaidi ya 600 peke yake. Nne zikianza kwa pamoja volti inaanguka, bodi inazimika na kuanza upya, na inapoanza upya inaziamuru servo zirudi mwanzo, yaani zivute tena. Mchezo unajirudia mpaka mtu achomoe waya.

Dawa ni kuzipa servo umeme wao. Waya nyekundu za servo zisipitie kwenye Arduino kabisa. Ziende kwenye chanzo cha volti 5 chenye ampea za kutosha. Arduino ibaki na waya za ishara tu, zile za rangi ya chungwa. Halafu, na hili ndilo husahaulika, waya hasi wa chanzo hicho uunganishwe na hasi ya Arduino, ile iliyoandikwa GND. Usipounganisha, ishara haina pa kupimiwa na servo zitatetemeka ovyo. Weka na kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu na servo, ya volti 10 au zaidi, plasi kwa plasi. Hiyo hupunguza ule mtikisiko wa kuanza.

Chanzo chenyewe huna haja ya kukinunua kipya. Dodoma kuna ofisi nyingi, na kompyuta za mezani zilizokufa zimejaa kwa mafundi. Pawa saplai zake mara nyingi bado nzima. Kwenye kibandiko chake tafuta mstari wa +5V, utakuta ampea 15 au zaidi, na sisi kwa mikono mitatu ya SG90 hatufiki 10 hata zote zikikwama pamoja. Nyaya nyekundu ni volti 5, nyeusi ni hasi, njano ni volti 12. Haiwaki mpaka waya wa kijani uunganishwe na wowote mweusi. Nakuonya mambo mawili. Kasha lake lisifunguliwe na mwanafunzi kwa sababu yoyote. Kapasita za ndani hukaa na umeme hatari hata baada ya kuchomoa. Na kwa kuwa inatoa ampea nyingi, nyaya zikigusana zitayeyuka kabla haijajizima, kwa hiyo kila mkono upite kwenye fyuzi yake ya ampea 5 au pungufu. Fyuzi za gari au za pikipiki zinafaa.

TANESCO wakikata, uwe na betri ya volti 12 na ampea-saa 7, zile zinazokaa ndani ya UPS, na kibodi cha kushusha volti. Kibodi cha LM2596 kimeandikiwa ampea 3, cha XL4015 ampea 5. Chukua cha pili. Kabla ya kuunganisha servo yoyote, zungusha ile skrubu ndogo huku multimita ikisoma, mpaka ufike volti 5. Vibodi hivi vinaweza kukufikia vikiwa vimetegwa volti yoyote, na servo ukiipa 12 haikupi nafasi ya kusema samahani. Betri hiyo ina wati-saa 84; ukitumia nusu tu ili idumu, mkono mmoja mdogo utacheza vipindi vyote vya siku. Ujue pia kwamba servo hushikilia kwa umeme. Umeme ukienda mkono unalegea na kushuka, na kilichokuwa kwenye koleo kinaanguka. Wafundishe kuumalizia kila zoezi katika mkao wa kupumzika, koleo likiwa chini.

Tabia ya servo nayo lazima waijue, ama sivyo utanunua gia kila wiki. Arduino huituma ishara mara 50 kwa sekunde, na urefu wa kila ishara, kati ya milisekunde 1 na 2 hivi, ndio unaosema pembe. Ndani ya servo kuna kipingamizi cha kuzunguka kinachopima ilipo, na sakiti yake inasukuma mota mpaka ilipo na ilipoagizwa vilingane. Lakini haimwambii mtu. Ukiiagiza digrii 150 na ukuta uko 120, itasukuma ukuta mpaka gia ya plastiki ikatike au mota inuke. Muuaji mkuu ni koleo. Mwanafunzi anaandika "funga kabisa", koleo limeshika kifuniko, servo haijafika ilikoagizwa, inaendelea kubana. Unausikia mlio mwembamba usiokatika. Mlio huo ukiusikia chomoa, kisha punguza digrii za kufunga mpaka unyamaze, na ubandike kipande cha sponji kwenye meno ya koleo kiwe ndicho kinachobonyea.

Servo pia haijui polepole. Ukiiagiza kutoka 20 kwenda 140 itaruka kwa nguvu zake zote na meza itatikisika. Andikeni kitanzi kinachosogeza digrii moja, kinangoja milisekunde 15, kinasogeza nyingine. Mistari mitano ya programu, na mkono unabadilika tabia kabisa. Na wakati wa kuunda: kabla ya kufunga kile kipande cheupe juu ya mhimili, iagize servo iende 90 kwanza, ndipo ufunge ukiwa katikati. Anayefunga kwanza na kuagiza baadaye huvunja akriliki siku ile ile.

Hesabu nazo zinaanzia hapo, na nadhani ndizo zitakazokufurahisha wewe kuliko wanafunzi. Fito mbili kuu za meArm, ya kutoka bega hadi kiwiko na ya kutoka kiwiko kwenda mbele, zina sentimita 8 kila moja. Unataka ncha ifike sentimita 12 kutoka begani. Umepata pembetatu ya pande 8, 8 na 12. Kwa kanuni ya kosaini, pembe ya kiwiko kosaini yake ni 64 jumlisha 64 toa 144, gawa kwa 128: unapata hasi 0.125, yaani digrii 97 na kidogo. Pembe ya begani kosaini yake ni 6 kwa 8, digrii 41. Mkabidhi mwanafunzi hizo digrii aziingize, kisha apime kwa rula. Ncha haitakuwa kwenye 12. Itakuwa 11 na nusu, au 12 na milimita nne, na mara ya pili patakuwa pengine kidogo. Mwache atafute kosa. Digrii moja ya ulegevu begani, mkono ukiwa umenyooka sentimita 16, ni milimita karibu 3 kwenye ncha, na gia za SG90 zina ulegevu wa kutosha. Kipindi kizima cha makosa ya vipimo kimejitengeneza chenyewe, na hakuna atakayesinzia.

Hapo ndipo unaona kile ambacho Dobot inakiuza. Dobot Magician inabeba gramu 500, inafika sentimita 32, na ikirudia safari ile ile inarudi pale pale kwa tofauti ya milimita 0.2. Mota zake si servo za kuchezea, ni mota za hatua, zinazozunguka kwa hatua ndogo ndogo zilizopimwa. Ni kifaa kizuri na sina neno baya juu yake. Ila bei yake huko nje inapita dola 1,000, kabla ya usafiri, forodha na VAT ya asilimia 18. Utachanga miaka mingapi? Na siku ikifika, mashine ni moja, wanafunzi ni 20: wawili wanaigusa, 18 wanatazama, na funguo ya kabati iko ofisini kwa mkuu wa shule kwa sababu ni mali ghali. Ikiharibika bodi, unasubiri bodi ya kampuni ile ile. SG90 ikikatika gia, unampigia mtu wa Kariakoo na kesho unaichukua stendi ya basi. Ningekuwa nashauri chuo cha ufundi chenye darasa la watu wanane ningesema vingine. Kwa sekondari ya kata, hapana.

Kuna njia ya tatu ambayo hukuiuliza, lakini uiweke akilini kwa mwakani. Mwaka 2024 kampuni ya akili bandia ya Hugging Face na wenzao wa The Robot Studio walitoa michoro ya mkono unaoitwa SO-100, na mwaka uliofuata wakaurekebisha ukawa SO-101. Unachapwa kwa printa ya 3D na unatumia servo sita za Feetech STS3215. Servo hizi ni za aina nyingine: zinafuatana kwenye waya mmoja, kila moja ina namba yake, na zinajibu. Ukiiuliza iko wapi inakuambia, kwa kuugawa mzunguko mzima sehemu 4,096. Inakuambia na joto lake na mzigo inaousukuma. Kwa hiyo watu hutengeneza mikono miwili, mmoja unaushika na kuuchezesha, wa pili unafuata, na kompyuta inajifunza kutokana na mwendo huo. Kwa bei za Marekani vifaa vya mkono mmoja vilikuwa kama dola 120, bila kuhesabu uchapaji. Ukilinganisha na ule wa alumini wa MG996R, hela ikikaribiana, huu unauacha mbali. Ila unataka printa, unataka kompyuta yenye nguvu, na unataka mtu mwenye subira ya kusoma. Kama kuna kijana wenu aliyefika Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kusomea uhandisi au kompyuta, muulize. Mtego wake wa kwanza nakuambia bure: servo zote huja na namba 1, kwa hiyo ziunganishe moja moja na kuzipa namba kabla ya kuzifunga, vinginevyo zitajibu zote kwa pamoja. Na plastiki ya PLA inalainika ikifika kama nyuzi 60. Usiuache mkono kwenye gari lililofungwa vioo juani.

Turudi kwenye milioni na laki mbili zenu. Bei hupanda na kushuka na dola, lakini nikipiga hesabu ya kichwani, mikono mitatu, bodi, pawa saplai, betri, multimita na chuma cha kulehemu havipaswi kupita laki nane. Kinachobaki kisitumike chote. Nunua servo za akiba, tena si mbili. Kwa servo nne maktaba ya Servo ya Arduino, yaani programu iliyokwisha kuandikwa ya kuziendesha, inatosha, kwa hiyo kile kibodi cha PCA9685 cha servo 16 ambacho kijana atakupigia debe hukihitaji. Arduino za nakala zinafanya kazi, ila nyingi zina chipu ya CH340 ya kuwasiliana kwa USB na kompyuta ya zamani itadai programu yake. Ipakue ukiwa mjini, usije ukahangaika na bando Kongwa.

Servo usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia, maana nakala dhaifu ni nyingi na kibandiko hakikuambii. Zipime, tena wapime wanafunzi. Funga rula nyepesi kwenye servo, ning'iniza chupa ndogo sentimita 10 kutoka kwenye mhimili, iamuru iinue, ongeza maji kidogo kidogo. Mililita 100 ni gramu 100, huhitaji mizani zaidi ya kuijua chupa tupu. SG90 inayoshindwa na gramu 100 hapo irudishe dukani. Na usiiache ikihangaika. Ikishindwa, ondoa mzigo mara moja.

Vipande vya akriliki, mafundi wa mabango na tuzo mjini Dodoma ndio wa kuwauliza, wanaotumia mashine za leza. Wapelekee faili la DXF, ndilo la michoro ya kukatia, kwenye flashi. Lakini chukua kalipa ya venia ya maabara yenu ukapime bamba la akriliki kabla hawajakata, kwani linalouzwa kama milimita 3 laweza kuwa 2.7, na matundu ya meArm yamekatwa kwa 3, yote yatalegea. Viungo vinavyozunguka, kaza nati mpaka ishike, kisha ilegeze robo mzunguko. Vumbi la huku, hasa miezi ya upepo, litaingia kila mahali. Funika mkono kwa ndoo au boksi ukiuacha, na grisi usipake kwenye gia za plastiki. Vumbi na grisi vikichanganyika vinasaga.

Sasa zabibu. Waambie wanafunzi wako wamefikiri vizuri kuliko walivyojua, kwa sharti moja: si vichala. Kichala kina mamia ya gramu, na kukichuma ni kazi ya kukata kikonyo, si ya kubana. Punje moja moja zilizokwisha kuchumwa ni gramu chache, mkono mdogo unaziweza. Nunueni kihisi cha rangi, TCS34725 au kile cha bei rahisi cha TCS3200, mkiweke ndani ya kiboksi cheusi chenye taa yake, maana mwanga wa Nzuguni saa tano si ule wa saa kumi na vipimo vitaruka. Punje inatelezea kwenye kijaruba kimoja kisichohama mbele ya kihisi, mkono unaiokota hapo hapo kila mara, unaitupa kushoto kama ni ya kijani na kulia kama imeiva. Kwa kuwa mahali pa kuokotea hapabadiliki, ule ulegevu wa milimita tatu nne hauwasumbui. Chongeni tu koleo liwe na kikombe kidogo cha sponji. Jaribuni na shanga za rangi mbili mwezi mzima kabla ya kugusa zabibu, juisi ikiingia kwenye servo ya koleo basi tena.

Pale bandani kwenu, pelekeni mikono miwili, wa tatu ukiwa ndani ya boksi kama akiba, pamoja na betri iliyojaa. Na wekeni kitu cha mgeni kushika. Watu wazima kwa watoto wataunyoosha mkono wa roboti kwa vidole vyao kuona kama unalegea, na gia za SG90 hukatika papo hapo zikisukumwa hivyo zikiwa na umeme. Chukueni vipingamizi vitatu vya kuzungusha, vile vya sauti ya redio, mvifunge kwenye kibao, kila kimoja kiendeshe kiungo kimoja cha mkono wa pili. Mgeni azungushe vile, aokote kiberiti mwenyewe. Mkono wa zabibu ukae nyuma ya meza, umbali ambao mkono wa mtu haufiki.